Ardhi Iliyotiwa Sumu: Ni Nani Alipe?

Mtu akichimba udongo wa matofali kando ya njia ya Katanika, akayachoma matofali yake, akayauza, kisha akahamia Lubumbashi na kuliacha shimo wazi, ni nani mwenye wajibu wa kulifukia? Kila mkatekumeni atajibu upesi: ni yule aliyelichimba. Jibu hilo ni la kweli. Lakini mvua zinakaribia, shimo litajaa maji, na watoto hupita hapo kila asubuhi waendapo shuleni. Mchimbaji hayupo. Wengine husema amekufa. Wengine husema ameonekana Likasi akifanya biashara. Je, wenyeji wakae wakimngoja? Na kama wakilifukia wenyewe, kwa mikono yao na kwa fedha yao, je, yule mtu ameondolewa deni lake?

Swali hili dogo lina ndugu yake mkubwa. Katika nchi nyingi viwanda na migodi imefungwa, wenyewe wameondoka, nao udongo umebaki na sumu. Kuusafisha ni kazi ya gharama kubwa mno, isiyoweza kufanywa kwa jembe na karai. Ndipo watu huuliza kama ni haki kutoa fedha ya serikali, yaani fedha ya watu wote, kwa ajili ya uchafu ulioletwa na wachache waliojipatia faida. Mkristu hawezi kulipita swali hili kana kwamba ni la wataalamu tu, maana amri ya saba haikatazi wizi wa kuku na mbuzi peke yake. Yamwamuru pia aliyemdhuru mwenzake amrudishie haki yake.

Shimo huonekana kwa macho, sumu haionekani. Mfano mmoja watosha, nao ni risasi: si ile itokayo katika bunduki, bali madini yenyewe, mazito na laini, yanayowekwa ndani ya betri za magari. Risasi haiozi kama jani. Ikishashika udongo wa juu, hukaa humo vizazi na vizazi. Wakati wa kiangazi vumbi huinuka, huingia nyumbani, hutua juu ya mkeka na juu ya sahani. Mtoto atambaaye hutia mikono kinywani mara nyingi kwa siku, naye humeza vumbi hilo. Mwili wake huipokea risasi kuliko mwili wa mtu mzima, kwa kuwa huidhania kuwa ni ile chokaa inayojenga mifupa. Damu hupungua, tumbo huuma, na sumu ikizidi sana mtoto hupatwa na degedege, hata kufa. Lakini hata ikiwa kidogo huudhuru ubongo unaokua. Mtoto huwa mzito wa kujifunza, husahau, hukasirika upesi. Mwalimu humwita mvivu; jirani hunong'ona kwamba amelogwa. Shirika la Afya Ulimwenguni limesema kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Dawa ya kuitoa mwilini ipo, lakini haiurudishi ubongo ulioharibika utotoni. Tena yafaa nini kumpa mtoto dawa na kumrudisha kuchezea udongo uleule?

Watu wa Kalemie wanafahamu jinsi kiwanda kinavyoweza kunyamaza. Filtisaf, kilichokuwa kikisokota nyuzi na kufuma nguo, kilikuwa fahari ya mji. Sasa ni siku nyingi mashine zake hazisikiki. Hakuna anayesema kwamba udongo wa Filtisaf una sumu. Kimetajwa kwa sababu moja tu, nayo ni hii: kampuni huzaliwa na kufa ndani ya maisha ya mtu mmoja, wala udongo haufi nayo. Anayetaka kumdai aliyeuharibu aweza kufika mlangoni akakuta nyasi.

Jambo la namna hiyo limeonekana Mombasa, nchini Kenya, katika mtaa wa maskini uitwao Owino Uhuru. Mwaka 2007 kilifunguliwa pale kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, nacho kilipakana na nyumba za watu wapatao 3,000. Moshi ulishuka juu ya mabati, na maji machafu yenye asidi yalipita katikati ya nyumba. Mama mmoja aliyeajiriwa kiwandani mwaka 2009, jina lake Phyllis Omido, alimwona mwanawe mchanga akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu ya mtoto. Aliacha kazi, akawakusanya majirani, akakamatwa na kushtakiwa, asikome. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2016 wenyeji walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 hakimu aliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, akaamuru pia udongo usafishwe kabla ya miezi 4 kwisha, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 kwa kazi hiyo. Mwaka 2023 mahakama ya rufani ikaitangua fidia ile. Mwezi wa Desemba mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Mambo mawili katika kesi hiyo yastahili kufikiriwa sana.

La kwanza ni kwamba hakimu hakukilaumu kiwanda peke yake. Alizitia hatiani pia mamlaka za serikali zilizotoa ruhusa au zilizopaswa kusimamia, akaziwekea sehemu ya mzigo wa kulipa. Basi pale Mombasa kusema kwamba serikali inalipa deni la mtu mwingine si sahihi. Iliamriwa kulipa kwanza deni lake yenyewe. Mlinzi aliyewekwa langoni na kupewa mshahara, akamwona mwivi akiingia, akageuza uso, hawezi kusema asubuhi kwamba yeye hakuiba kitu.

La pili ni muda. Tangu wenyeji walipoingia mahakamani hadi neno la mwisho la Mahakama ya Juu ilipita miaka karibu 9. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya kwanza alikuwa ameshatambaa, amesimama, ameacha ziwa, ameingia shule na kupanda madarasa, kabla wazee wenye majoho hawajamaliza kusema. Si lawama kwa mahakimu. Haki ina hatua zake, nayo yapaswa kuwasikia wote wawili, mshtaki na mshtakiwa. Lakini risasi haingoji hatua. Humdhuru mtoto zaidi katika miaka yake ya kwanza, na miaka hiyo ikishapita hakuna hukumu iwezayo kuirudisha.

Hapo ndipo kiini cha neno lote. Kuna wajibu wa namna mbili, na watu huuchanganya. Mmoja ni wajibu wa kurudisha: huo ni wa aliyeharibu, haumtoki hata akikimbia, hata akifilisika, hata mwingine akiitengeneza kazi yake mbaya. Wa pili ni wajibu wa kukinga: huo ni wa kila mwenye uwezo wa kuzuia hatari, hata kama mikono yake ni safi. Wa kwanza huuliza, nani alikosa? Wa pili huuliza, nani yupo karibu na ana nguvu? Msamaria wa Injili hakumpiga yule mtu wa njiani, wala hakukaa kando ya barabara kungoja wanyang'anyi wakamatwe ndipo mafuta na divai vinunuliwe kwa fedha yao. Alilipa yeye. Lakini hakuna mkatekista aliyewahi kufundisha kwamba kwa fedha ile ya Msamaria wanyang'anyi walisamehewa.

Basi hazina ya watu wote yapasa kulipa kwanza pale mtoto anapomeza sumu leo, kisha imwandame mwenye deni kwa sheria hadi arudishe. Kulipa na kudai huenda pamoja. Serikali inayolipa bila kudai huwafundisha wenye viwanda kwamba faida ni yao na uchafu ni wa umma. Serikali inayodai bila kulipa huwafanya watoto kuwa rehani ya kesi.

Wapo watakaopinga, na baadhi ya maneno yao yana uzito. Mmoja husema: fedha ya hazina yatoka katika ushuru wa mama auzaye dagaa sokoni, kwa nini yeye alipe uchafu wa tajiri? Jibu lapatikana kwa kuchunguza ni nani aliyekula faida. Huko Katanga kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, ikachimba na kuyeyusha shaba kwa miaka mingi. Mwaka 1967 mali yake ilitiwa mikononi mwa taifa, ikawa kampuni ya serikali iliyoitwa baadaye Gécamines. Lubumbashi bado laonekana bomba refu la moshi, pamoja na mlima mweusi wa takataka za kuyeyushia. Na upande ule ambako upepo uliupeleka moshi, udongo uliachwa mtupu, miti imekufa. Mwaka 2009 madaktari wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitangaza vipimo vya mkojo wa watu waishio karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia: madini yalikuwa mengi kupita kadiri, hasa kobalti. Shaba ile ndiyo iliyojenga barabara, ikalipa mishahara, ikajaza hazina ya wakoloni na baadaye hazina ya taifa. Mrithi hawezi kuipokea nyumba ya marehemu na kuyakataa madeni yake. Ni kweli kwamba mama wa dagaa alipata kidogo sana katika urithi huo, pengine hakupata hata senti, na huo ni udhalimu mwingine unaotaka dawa yake. Lakini mtoto wa Lubumbashi alipata kidogo kuliko yeye: alipata vumbi.

Mwingine husema: Katanika ina shida zake. Ilipokea maelfu ya watu waliokimbia vita ya Watwa na Waluba. Ziwa Tanganyika limepanda na kubomoa nyumba za Kalemie. Watoto wanasoma wamekaa chini. Je, ni haki fedha ya taifa iende kukwangua udongo mahali pa mbali? Neno hili si la choyo, na anayelidharau hajui njaa. Ni kweli kwamba hazina ina mwisho. Kwa hiyo si kila ardhi chafu yapasa kusafishwa leo. Mgodi wa zamani ulio porini, usiokaliwa na watu wala usioingia katika maji yao, waweza kuzungushiwa ua, kuwekewa alama na kungoja. Lakini uwanja wanaochezea watoto wenye risasi damuni haungoji, sawa na vile mtu mwenye kipindupindu hangoji paa la zahanati limalizike. Na siku Katanika itakapopatwa na hatari isiyo kosa lake, itakuwa na haki ya kuwaambia watu wa Lubumbashi maneno yaleyale.

Hata hivyo fedha ya umma yaweza kutolewa kwa moyo mwema ikatumiwa vibaya, na mfano wake uko jirani, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Mji wa Kabwe ulichimbwa risasi na zinki kwa miaka karibu 90, kwanza na makampuni ya wageni, baadaye na kampuni ya taifa, hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1994. Nyuma yake lilibaki lundo la takataka la tani zaidi ya milioni 6, wazi, likipeperushwa na upepo juu ya mitaa ya Kasanda, Makululu na Chowa. Benki ya Dunia iliikopesha Zambia fedha ya kusafisha. Kazi ya kwanza ilianza mwaka 2003 na kwisha mwaka 2011, na mwaka 2016 ulipitishwa mkopo mwingine wa dola zipatazo milioni 65. Mkopo, si zawadi: watakaoulipa ni raia wa Zambia, na pamoja nao watoto walewale wa Kabwe watakapokua. Nyua za watu zilisafishwa, wagonjwa walitibiwa. Lakini lundo lenyewe liliachwa, na wachimbaji maskini waliendelea kulichimbua wapate riziki. Mwaka 2019 shirika la kutetea haki za binadamu, Human Rights Watch, lilichunguza likakuta watoto wangali wakidhurika. Mwanamke afagiaye ua huku mlango wa kinu umeachwa wazi kwenye upepo hufagia mpaka jioni.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza fedha ni kiasi gani, yafaa kuuliza itaanzia wapi. Wenye ujuzi huanza kwenye chanzo. Lundo hufunikwa kwa udongo safi na majani, au huhamishwa na kuzikwa mahali palipotayarishwa, maji yasipenye. Ndipo hukwanguliwa udongo wa juu katika nyua, hurudishwa udongo mpya, njia za vumbi hutiwa lami au saruji, na watoto hupimwa damu tena na tena ili ijulikane kama kazi imefaa. Hakuna haja ya kuwa mtaalamu ili kuelewa kwamba kipimo cha kazi kiko katika damu ya mtoto, wala si katika idadi ya magari ya mradi.

Na habari ya kudai? Kabwe yaonyesha ugumu wake. Mwaka 2020 wanawake na watoto wa Kabwe waliishtaki kampuni kubwa ya Anglo American ya Afrika Kusini mbele ya mahakama ya Johannesburg, wakisema kwamba ndiyo iliyousimamia mgodi katika miaka ya uharibifu mkubwa, toka mwaka 1925 hadi 1974. Kampuni yakana. Mwaka 2023 mahakama ilikataa kesi isiendelee kwa niaba ya kundi zima, kisha ruhusa ya kukata rufani ikatolewa. Asiye na hatia asihukumiwe, lakini mwenye hatia asifichwe na wingi wa miaka. Amri ya saba haikuwekewa tarehe ya kwisha.

Hekima iliyo bora ni kuitoza biashara yenyewe mapema, kabla haijaondoka. Marekani ilitunga sheria mwaka 1980, baada ya watu kugundua sumu chini ya nyumba zao mahali paitwapo Love Canal. Sheria hiyo iliwatoza kodi wenye mafuta na wenye kemikali, ikaweka mfuko wa kusafisha ardhi ambazo mwenye hatia haonekani au hana kitu. Mwaka 1995 kodi hiyo iliachwa ikome, na mzigo ukahamia zaidi kwa walipa kodi wote. Ilianza kurudishwa mwaka 2021 tu. Kongo nayo haikukaa bila sheria. Sheria ya madini humtaka mchimbaji aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kuitengeneza ardhi. Ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, iliagiza pia kwamba sehemu 10 kwa mia za mrabaha wa madini ziwekwe katika mfuko wa vizazi vijavyo, wale watakaoishi madini yakiwa yamekwisha. Sheria ni nzuri. Lakini mtungi mzuri hauzimi kiu kama hauna maji, na raia wana haki ya kuuliza mara kwa mara: mfuko una kiasi gani, nani anashika ufunguo, nini kimefanywa? Kuuliza hivyo si uasi.

Wala mwanakijiji asidhani kwamba jambo hili ni la wakubwa peke yao. Mtu anayeyeyusha betri kuukuu nyuma ya nyumba yake, apate vizito vya wavu au fedha kidogo, amejenga kiwanda chake kidogo cha Owino Uhuru, na watoto wake ndio majirani wa kwanza. Yeye hawezi kujitetea kwa umaskini akiisha kujua, ingawa umaskini hupunguza kosa lake kuliko la tajiri.

Limebaki neno moja linalosahauliwa mara nyingi. Ardhi iliyosafishwa hupanda bei. Kiwanja ambacho jana hakuna aliyekitaka, leo chafaa kwa duka, kwa gereji, kwa hoteli. Ikiwa fedha ya watu wote imekisafisha, kisha tajiri mmoja akakinunua kwa bei ya jana, hazina imemfanyia yeye kazi. Na ikiwa maskini waliovuta moshi miaka yote wanaamriwa kuhama kwa kuwa hawana hati, basi wamedhulumiwa mara ya pili, safari hii kwa jina la usafi. Ndiyo sababu, kabla koleo la kwanza la udongo halijaondolewa, majina ya wakaaji yaandikwe mbele ya mashahidi, kila kaya na mahali pake, pamoja na wapangaji na wajane. Na bei itakayoongezeka katika kiwanja cha kiwanda irudi katika mfuko uliolipa, ikasafishe mahali pengine panapongoja.